Supachaja kwenye Hilux Surf ya zamani: hesabu kabla ya kuagiza

Hilux Surf ya kizazi cha tatu, iliyouzwa Japani kuanzia mwisho wa 1995 hadi 2002, bado inaonekana kila mahali kuanzia Mwanza hadi Nakuru. Zile za petroli zenye V6 ya CC 3,400, injini ambayo Toyota waliipa jina 5VZ-FE, zina wenyewe wasiotaka kuachana nazo, nao wana haki. Bloku ni ya chuma cha kusubu, mkanda wa taimingi hubadilishwa bila kuvunja benki, na injini iliyotunzwa hupita kilomita laki tatu bila kufunguliwa. Tatizo ni kwamba nguvu zake za farasi 185 hivi zinavuta gari linalokaribia tani mbili. Ukibeba familia na mizigo ukaanza kuupanda mlima wa Kitonga nyuma ya lori, hamu ya nguvu zaidi huja yenyewe.

Kwa gari hili supachaja si ndoto ya fundi mmoja. Marekani Surf hii iliuzwa kwa jina la 4Runner, na injini hiyohiyo ilifungwa pia kwenye Tacoma na Tundra. TRD, kitengo cha Toyota cha magari ya mashindano, kiliuza seti kamili ya supachaja iliyotengenezwa na Magnuson, yenye mashine ya Eaton M62 ndani yake. Inakaa juu ya injini, mahali pa manifoldi ya juu ya hewa, na haihitaji pistoni wala hedi mpya. Baada ya kuifunga, nguvu hupanda hadi takriban farasi 250 au zaidi kidogo. Ni magari machache ya umri huu yaliyowahi kupata seti iliyobuniwa kwa ajili yao kwa idhini ya kampuni iliyoyaunda.

Hata hivyo, nikiweka hesabu zote mezani, supachaja inakuwa kitu cha mwisho katika orodha ya manunuzi, na kwa wenye Surf wengi haipaswi kuwemo kabisa. Nitaeleza kwa nini, kisha nitasema ni nani anayestahili kuinunua, kwa sababu yupo.

Tuanze na mwinuko, jambo ambalo matangazo ya seti hizi hayaligusi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huko shinikizo la hewa ni kama asilimia 82 ya lile la Mombasa. Injini isiyo na supachaja wala tabo inapumua hewa hiyo nyembamba kama ilivyo, kwa hiyo farasi 185 za kwenye karatasi zinabaki kama 150. Timboroa, juu ya mita 2,700, zinashuka hadi kama 133. Mtu anayelalamika kwamba V6 yake ya Nairobi imechoka huenda ana injini nzima kabisa. Alichopungukiwa ni hewa.

Supachaja ya TRD kwa puli yake ya kawaida husukuma hewa kwa takriban paundi 6 kwa inchi ya mraba ikiwa pwani, maana yake injini inapata hewa mara 1.4 ya ile ya kawaida. Ipandishe Nairobi: asilimia 82 mara 1.4 ni asilimia 115. Injini iliyokuwa inapata asilimia 82 sasa inapata 115, na zaidi ya nusu ya ongezeko hilo inarudisha tu kile kilichochukuliwa na mwinuko. Farasi 255 za pwani zinakuwa kama 210 Nairobi. Bado ni nyingi, na mwenye kuendesha atazisikia mguuni kila siku, lakini anayelipia seti akitarajia farasi 255 Nairobi atakuwa amelipia farasi 45 ambazo hatazipata mpaka ateremke.

Na akiteremka ndipo hatari inapoanza. Mashine hii ni ya aina ya Roots: rota mbili zinazungushwa na mkanda kutoka kwenye krenki na kuisukuma hewa ndani ya injini. Faida yake ni nguvu ya kuvuta inayopatikana papo hapo, hata kwenye mizunguko 2,000, kitu kinachofaa sana gari zito lenye giaboksi ya otomatiki. Hasara yake ni joto. Seti hii haina intakula ya kupoza hewa. Ukihesabu kwa hewa ya Mombasa ya nyuzi 32, inatoka upande wa pili ikiwa karibu nyuzi 85. Hewa ya moto namna hiyo, ikibanwa tena ndani ya silinda kwa uwiano wa 9.6 kwa 1 ambao injini hii ilitoka nao kiwandani, huilipua petroli kabla ya wakati wake. Injini inagonga. Sensa husikia kugonga huko na kompyuta hurudisha cheche nyuma, lakini gari likipanda mlima na mguu uko chini kabisa, uwezo huo una kikomo. Kinachofuata ni gasketi ya hedi, na katika siku mbaya ni pistoni.

Kwa hiyo gari lililopimwa na kurekebishwa Nairobi, ambako hewa ni nyembamba na baridi, halijapimwa kwa safari ya Mombasa. Anayefunga supachaja akae nalo pwani siku ya kwanza, apime mchanganyiko wa hewa na petroli gari likiwa na mzigo, kisha ndipo alitangaze kuwa tayari. Fundi asiyelijua hili ni wa kuogopwa kuliko supachaja yenyewe.

Petroli nayo ina mtego wake. TRD walitaka gari lenye seti hii litumie petroli ya kiwango cha juu, oktani 91 kwa hesabu ya Marekani. Wamarekani huandika wastani wa vipimo viwili, ilhali sisi hutumia kipimo cha RON peke yake. Oktani 91 ya pampu ya Los Angeles ni kama 95 au 96 kwenye pampu zetu. Anayesoma kitabu cha Kimarekani akaona 91 na kuridhika na petroli ya bei ya chini iliyo karibu anaiweka injini yake hatarini bila kujua. Kabla ya kutumia senti moja, uliza vituo vilivyo kwenye njia zako za kila siku wanauza oktani ngapi, na ujue kwamba kuanzia siku ile utakuwa unalipa bei ya juu kwa kila lita. Ikiwa safari zako zinafika vijiji ambako petroli huuzwa kwenye vidumu, funga mjadala hapo.

Sasa fedha. Takwimu ninazozitoa ni makadirio ya kupangia bajeti, kwa kiwango cha shilingi 130 za Kenya kwa dola, na kila mtu ayarekebishe kwa bei atakayoikuta.

Seti mpya ya Magnuson kwa injini hii weka dola 4,000 hadi 5,000 kabla haijapanda meli au ndege. Seti ya TRD iliyotumika, ikiwa kamili, tuseme 2,000. Usafirishaji tuseme 400. Juu ya jumla hiyo huja ushuru wa forodha, ambao hutegemea fungu ambalo mzigo umewekwa, kisha kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania bara, inayohesabiwa juu ya thamani, usafiri, bima na ushuru kwa pamoja. Hata ukisahau ushuru kwa muda, dola 2,400 zinakuwa 2,784 Kenya. Hiyo ni zaidi ya shilingi 360,000, na bado hujashika spana. Mwambie wakala wa forodha akutafutie fungu sahihi kabla ya kulipa muuzaji, kwa sababu mzigo ukishafika bandarini huna tena nafasi ya kubadili mawazo.

Halafu kuna vitu ambavyo havimo ndani ya boksi. Plagi za daraja moja la baridi zaidi. Themostati inayofunguka mapema. Njia ya kuongeza petroli: TRD wenyewe walikuja kuuza seti ya nozeli ya saba, kwa sababu nozeli sita za asili zinazidiwa pale presha inapoongezwa. Geji ya kuonyesha mchanganyiko wa hewa na petroli, ambayo mimi siihesabu kuwa pambo. Kipoza mafuta ya giaboksi cha kujitegemea. Kazi ya fundi, na saa za kulipima gari kwenye mashine ya dainamomita au barabarani na kompyuta mapajani. Weka dola 1,200 hadi 1,500 kwa yote haya, na usishangae zikizidi.

Kipoza cha giaboksi nakisisitiza kwa sababu maalum. Kwenye gari hili mafuta ya giaboksi ya otomatiki hupozwa ndani ya rejeta ya maji. Rejeta ikizeeka, ukuta mwembamba unaotenganisha maji na mafuta hutoboka, vikachanganyika vikawa uji wa rangi ya waridi, na giaboksi ikafa. Ugonjwa huu unajulikana sana kwa 4Runner za miaka hii hata zisizo na supachaja. Kuongeza farasi 70 juu ya rejeta yenye miaka ishirini na mitano ni kununua giaboksi kwa mafungu.

Kuna wanaojaribu njia ya mkato: supachaja ya Eaton M62 iliyong'olewa kwenye Mercedes SLK 230 au C 230 yenye neno Kompressor mgongoni, ambazo hupatikana kwenye vibanda vya vipuri vya Grogan Nairobi, Gerezani Dar es Salaam au Kisekka Kampala. Ni ukubwa uleule, na kwa macho akiba inavutia. Lakini mashine peke yake si seti. Unahitaji manifoldi inayoshika juu ya hedi za 5VZ, vishikio, puli ya kukaza mkanda iliyonyooka na puli nyingine, na vali ya kupitisha hewa pembeni pale gari linapotembea taratibu. Vali hiyo ndiyo inayozuia supachaja kula petroli wakati huihitaji. Gari lisilo nayo litakufilisi hata kwenye foleni ya Mombasa Road. Fundi hodari wa kuchomelea alumini anaweza kuyatengeneza yote. Ukimlipa kwa haki, akiba yako inaisha, na unabaki na kitu ambacho fundi mwingine yeyote hataweza kukitengeneza kikiharibika njiani. Siipendekezi njia hii kwa gari la familia.

Jumlisha basi. Seti iliyotumika pamoja na usafiri na kodi, vitu vya ziada, na matengenezo ya msingi ambayo nitayataja sasa hivi, vinafika dola 4,500 hadi 5,000 kwa urahisi, yaani zaidi ya shilingi 585,000. Igawe kwa farasi 70 za pwani: kila farasi mmoja ni dola 64 kwenda juu. Nairobi, ambako ongezeko ni kama farasi 57, kila mmoja anagharimu dola 79 au zaidi. Weka jumla hiyo kando ya bei ambayo Surf yako ingeuzwa leo.

Ipo njia ya bei nafuu ambayo wengi huiruka kwa sababu haipigi kelele chini ya boneti. Pima kompresheni ya silinda zote sita. Badilisha mkanda wa taimingi na pampu ya maji kwa pamoja. Toyota Japani waliweka kikomo cha kilomita 100,000 kwa mkanda huo, na magari mengi yalifika kwetu yakiwa yamekikaribia au kukipita bila mtu kuugusa mkanda. Plagi ziwe zile za ncha mbili zinazostahili injini hii, na nyaya tatu za plagi zibadilishwe, maana injini hii ina koili tatu zinazohudumia silinda sita. Safisha nozeli na sensa ya hewa inayoingia, weka filta mpya ya petroli, rekebisha nafasi za vali. Weka rejeta mpya. Kwa dola 400 hadi 600 unapata injini inayotoa kile ilichozaliwa nacho, na kama ilikuwa imepoteza farasi 15 au 20 kwa uchakavu, umezirudisha kwa bei iliyo chini sana ya ile ya farasi za supachaja. Kazi hizi ni za lazima hata ukiamua kufunga supachaja, kwa hiyo fedha zake hazipotei kwa vyovyote.

Kisha tazama matairi. Surf nyingi zilitoka na 265/70 R16, na nyingi sasa zimevishwa 285/75 R16 kwa sababu zinapendeza. Tairi hilo ni kubwa kwa kipenyo kwa asilimia 7 hivi, nalo linarefusha gia zote kwa kiasi hichohicho. Ni kama kuipokonya injini asilimia 7 ya uvutaji wake kwenye kila gia, tena kwa tairi lililo zito zaidi kuzungusha. Kurudi kwenye tairi la asili, seti ya zamani ikichakaa, hakugharimu chochote cha ziada. Nimewaona watu waliokuwa wakiulizia supachaja wakatulia baada ya hatua hii na sevisi kamili, na hilo hunifurahisha kuliko injini yoyote inayolia kwa puli.

Ukiwa bado unataka nguvu, linganisha supachaja na wapinzani wake wa kweli. Tabo siichambui kwa kirefu: hakuna seti ya kuaminika iliyobuniwa kwa ajili ya Surf yetu, mabomba ya kutoka benki zote mbili za V6 ni ya kuchongwa, joto chini ya boneti huongezeka sana, na kompyuta ya kujitegemea haiepukiki. Kubadili kwenda dizeli ya 1KZ-TE, jambo ambalo wengi hulifanya, ni uamuzi wa gharama ya mafuta na si wa nguvu. Hedi za 1KZ zinajulikana kwa kupasuka zikipata joto, kwa hiyo anayekimbia gharama moja huenda anaikaribisha nyingine.

Mpinzani mwenye uzito ni V8 ya 1UZ-FE kutoka Celsior au Crown: CC 3,968, alumini tupu, farasi 260 zilizoandikwa Japani kwa zile za mwanzo na 280 kwa zile za VVT-i zilizofuata mwaka 1997. Inatoa nguvu hizo bila kubanwa hewa, haihitaji nozeli ya ziada, na inaweza kuunganishwa na giaboksi ya Surf kwa kubadilisha kengele ya mbele. Gharama iko kwenye nyaya, egzosi, vishikio, na siku nyingi za fundi. Kisha kuna karatasi: namba ya injini inabadilika, kwa hiyo NTSA Kenya au TRA Tanzania lazima wajulishwe na logbuku au kadi irekebishwe, la sivyo gari haliuziki na bima haina msingi. Kwa pwani ningeichagua V8 hii mbele ya supachaja bila kusita. Kwa Nairobi inapoteza asilimia 18 kama injini nyingine yoyote inayopumua yenyewe.

Na kuna njia ambayo mwenye Surf hapendi kuisikia: kuuza na kuongeza. Surf ya kizazi cha nne, ile yenye V6 ya CC 4,000 aina ya 1GR-FE, ilitoka kiwandani na farasi 249. Ni karibu sawa na Surf ya zamani yenye supachaja ikiwa pwani, lakini rejeta, breki na giaboksi zake zimebuniwa kwa nguvu hizo. Kenya haiwezi kuagizwa tena, kwa kuwa gari lisizidi miaka minane, ila zipo nyingi zilizokwishasajiliwa. Ukichukua bei ya Surf yako ukaongeza zile 585,000, ulizia utapata ipi. Kwa wengi jibu la swali hilo linatosha.

Nani basi afunge supachaja? Ni yule anayeishi nyanda za juu, Nairobi, Eldoret au Iringa, ambako mashine hii inafanya kazi yake kwa uzuri wake wote: inarudisha hewa iliyopotea na kuongeza kidogo juu yake, huku hewa baridi ikiipunguzia injini kugonga. Kompresheni ya silinda zake iko sawa. Gari amekusudia kubaki nalo miaka mingi, petroli ya oktani 95 inapatikana anakopita, na breki zake amezirekebisha kwanza. Mtu huyo atapata gari linalopanda Limuru na mzigo kamili bila giaboksi kuhangaika kutafuta gia, na sitamzuia.

Akinunua iliyotumika, adai picha za kila kipande zikiwa zimepangwa chini pamoja: mashine, manifoldi, vishikio, puli zote, mabomba ya utupu na nyaya. TRD hawauzi tena seti hii, na kishikio kimoja kikikosekana huenda kisipatikane popote. Azungushe puli kwa mkono; isikwame, isichezecheze, isitoe mlio wa kokoto. Pua ya supachaja ina mafuta yake yenyewe, kwa hiyo athibitishe kwamba haivuji. Seti iwe imetoka kwenye gari la mwaka unaokaribiana na lake, kwa sababu nyaya za kompyuta zilibadilika njiani. Na siku ileile gari linapotoka gereji, barua iende kwa kampuni ya bima ikieleza kilichofungwa na kuomba jibu la maandishi, kwa kuwa bima ambayo haikuelezwa juu ya supachaja ina sababu halali ya kukataa kulipa siku ya ajali.